Jembe la Mpini Mfupi

Mimi tangu utoto napenda chuma. Wenzangu wakipita madukani Lamu hutazama kofia za vito na kanzu za melimeli. Mimi hutazama majembe. Mhindi mmoja alikuwa akiyaning'iniza mlangoni mwa duka lake, yametungwa kwa kamba kama samaki, na upepo ukivuma yanagongana yanalia. Mlio ule ulikuwa ukinichukua mbali. Nikisimama pale hujiona nina shamba, shamba lina migomba, migomba ina kivuli, nami nimelala kivulini, jembe liko kando, kazi imekwisha. Kazi yenyewe sikuwa nikiiota. Nilikuwa nikiota mwisho wake.

Chuoni sikufika mbali. Nilihitimu Kurani, nikajua kuandika barua isiyo ndefu. Herufi zangu zimelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, lakini zasomeka, na kwa herufi hizo nataka kulisifu jembe moja ambalo halikupata kuning'inia katika duka lolote.

Ilikuwa kaskazi, mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani, wakati chuma kilipokuwa bado tele. Dada yangu aliniletea salamu kwa mdomo wa nahodha mmoja aliyekuja na mzigo wa tumbako kutoka kisiwa cha Pate. Nahodha akanikuta barazani, akasema bila hata kukaa: "Dada yako yuwakusalimu. Achimba kisima. Asema njoo, uje na shoka na jembe. Na asema usidanganywe na rangi."

Dada ndiye aliyebaki katika shamba la marehemu baba, ng'ambo ya kijiji cha Chundwa, mahali ambapo kutoka kijijini ni mwendo wa kutosha mtu kuchoka na mtungi kichwani. Kisheria fungu langu katika shamba lile lilikuwa kubwa kuliko lake. Kwa jasho lake lilikuwa kubwa kuliko langu, nami sikuwa na uso wa kubishana. Alikuwa amepanda kunde na tumbako, na minazi michanga aliyoipanda baba ilikuwa imefika magotini. Ila shamba halikuwa na maji. Baba alichimba kisima zamani, maji yakatoka, watu wakafurahi, halafu yakageuka chumvi. Tangu siku ile watu wa Chundwa wakaliita Shamba la Chumvi, na baba akafa akiitwa mwenye Shamba la Chumvi. Dada alilichukia jina lile kama mtu anavyochukia mwiba ulio ndani ya kisigino.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mume wake ni mtu wa Kiwayu, mvuvi, mtu mwema. Lakini alikuwa amemwona mkewe akienda na mtungi na kurudi na mtungi mpaka shingo imeanza kumuuma, akamwambia: "Bi, masika hii ikitukuta hatuna kisima, twahamia Kiwayu kwa mama. Mama ana nyumba na kisima kiko mlangoni. Mimi sikuoa nikupe kazi ya punda." Si maneno mabaya, lakini yalikuwa na maana moja: wakihama, msitu utarudi, na minazi ya baba itafunikwa. Kisima kipya ndicho kilichokuwa kimebaki. Kikitoka chumvi, basi.

Nikaenda dukani. Loo, siku ile nilijiona sultani! Sasa nilikuwa na haki ya kushika, si kutazama tu. Nilikuwa nimesikia kwamba chuma chema hulia, basi nikachukua shoka, nikaligonga kwa ukucha, nikaliweka sikioni. Nikachukua la pili, nikaligonga, nikasikiliza. Mwenye duka akamwambia mteja mwingine, "Huyu anunua shoka au apiga ngoma?" Wakacheka, nami nikacheka nao, maana kweli nilikuwa nimefumba macho. Mwisho nikachagua shoka kubwa la Ulaya lililopakwa rangi nyekundu, zito, lina tundu la mpini na kisogo kipana kama nyundo. Nikachagua na jembe jipya, jembamba, jepesi, linang'aa hata nikajiona uso wangu ndani yake. Nikasema moyoni: kwa vyombo hivi, hata mwamba utaona haya.

Nilipofika shambani dada alikuwa anapasua kuni. Sikumwita. Nilisimama nikamtazama, maana mtu akitaka kumjua dada yangu na amtazame akiwa na shoka. Lilikuwa shoka la baba, dogo, la mhunzi wa kisiwani, lile la aina ya zamani ambalo chuma chake kina mkia, na mkia ule hupenya katika kichwa kinene cha mpini. Kila unapopiga, chuma huzidi kukaza ndani ya mti. Ubapa wake ulikuwa umelika kwa kunolewa mpaka umebaki kama ukucha wa mwezi mchanga. Dada alikuwa akiligeuza gogo kwa mguu, akilitazama mishipa yake, akiligeuza tena, kisha analiinua shoka si kwa haraka, analiacha lishuke lenyewe. Gogo linafunguka kama kitabu. Hakuwa akipigana nalo. Alikuwa kama anayelikumbusha kwamba lilikuwa limekusudia kupasuka tangu mwanzo.

Akaniona, akaliona na shoka langu. "Alhamdulillahi umefika. Na hili ni shoka au ni bibi harusi?"

"Ni chuma cha Ulaya, dada."

"Nami nilikwambiaje juu ya rangi?"

Shemeji akatoka nyuma ya nyumba na wavu begani. "Mwache, mke wangu. Shemeji amefanya vyema. Samaki wakiliona shoka hili watadhani ni hina ya harusi, watajileta wenyewe."

Tulianza kwa kusafisha mahali. Kulikuwa na mikunazi na mikoma na vichaka vya miiba. Nikaliinua shoka langu jekundu, nikaupiga mkunazi kwa nguvu zangu zote, na mkunazi ukanirudishia nguvu zangu zote, mikono ikafa ganzi mpaka mabegani. Nikapiga tena, shoka likateleza, rangi ikabaki katika mti. Shemeji akasema, "Umeupaka mdomo sasa, utaolewa." Dada akaja na shoka dogo, akaupiga ule mkunazi kwa upande, kidogo juu, kidogo chini, vipande vikaruka vyeupe kama nyama ya nazi, mti ukalala. Akanipa shoka la baba nijaribu. Nilipolishika mpini nilihisi mahali pa kuweka mikono pamekwisha kuwekwa, kama mtu aliyekaa kitini akakipasha moto kabla yangu.

Jembe la baba nalo lilikuwa hivyo, na zaidi ya hivyo. Lilikuwa limening'inizwa ndani ya nyumba, juu ya kitanda. Chuma chake kilifuliwa kisiwani, kinene kisogoni na chembamba makalini, na mpini wake ulikuwa wa mkole, mrefu, mweusi kwa jasho. Katika mpini ule mlikuwa na mabonde mawili. Bonde la juu ni la mkono wa kushoto, bonde la chini ni la kulia. Hakuna aliyeyachonga, ni viganja vya baba, msimu kwa msimu, mpaka mti ukakubali. Dada alikuwa akilitumia kwa nadra, na kila alipolitumia alilipaka mafuta ya nazi kabla ya kulirudisha. Nilimkuta mara moja amelishika tu, mikono katika yale mabonde, halimi wala hafanyi kitu. Nikarudi nyuma taratibu.

Fundi wa visima akaja kutoka Siyu. Nilitazamia mtu wa kifua kipana. Akaja kijana mwembamba, mwenye shavu lililojaa tumbako na maringo kama jogoo. Alibeba vyombo vyake ndani ya mkeka mkuukuu uliofungwa kamba, akauweka chini polepole kama anayemlaza mtoto. Akaufungua, akavipanga: mtaimbo, sululu, miuo ya mkunazi iliyochongwa ncha na kuchomwa moto ili iwe migumu, na vifuu vya nazi vilivyosuguliwa makali yake. Nami, kwa hamu ya kuona, nikauruka mkeka nipite upande wa pili.

"We bwana! Rudi ulipotoka!" akapiga kelele. "Chombo cha mtu hakirukwi. Ukikiruka umenivuka mimi. Wataka nibaki mfupi?"

Nikarudi, nikazunguka. Shemeji akasema, "Fundi, wewe ni mfupi tangu kwa mama yako, usimsingizie shemeji yangu." Fundi akacheka akatema tumbako, na hapo nikajua tutaelewana.

Jambo la kwanza alilolifanya lilitushangaza. Hakutafuta mahali papya. Alikwenda kwenye kile kisima cha baba kilichokufa, akafunga kamba ya makumbi, akashuka. Akakaa chini kitambo, tukisikia akigonga na kujisemea. Akapanda na mchanga mbichi katika kiganja na kipande cha jiwe chenye alama za chuma.

"Kisima hiki kilichimbwa na nani?"

"Vijana wa kijijini," dada akasema. "Walikuwa wenye nguvu, baba aliwachinjia mbuzi. Maji yalipotoka wakaimba, wakaongeza kuchimba ili yatoke mengi."

"Na yalipotoka mara ya kwanza yalikuwaje?"

"Matamu. Baba alikuwa akisema siku zote, yalikuwa matamu."

Fundi akautupa ule mchanga. "Basi waliimba wakapita. Sikiza, Bi. Nti hii ya visiwa, mai matamu hayana nyumba yake. Yamepakatwa. Mai ya bahari yamekaa chini, yamempakata mtoto wake juu ya mapaja. Ukimgusa mtoto, wapata utamu. Ukimpita mtoto, wamkuta mama, na mama ni chumvi. Wale vijana walimpita mtoto kwa mtaimbo. Mahali ni pema. Mikono ndiyo iliyokuwa na nguvu mno." Akapiga hatua chache kando ya kisima kile, akasimama, akachora duara kwa kisigino. "Tachimba hapa."

Shemeji akashika kiuno. "Kando ya chumvi?"

"Kando ya chumvi."

"Fundi, mtu akiumwa na nyoka katika shimo hutia mkono katika shimo la jirani?"

Nikamtazama dada. Alikuwa analitazama lile duara, uso umenyooka. Kwa maneno yale ya fundi alikuwa amepewa kitu ambacho hakukitazamia: baba hakukosea mahali. Lakini kama fundi ni mwongo, basi ndiyo safari ya Kiwayu. Akasema, "Chimbeni."

Sasa nieleze vile nilivyoona, maana sijapata kuona kazi nzuri kama ile. Udongo wa juu, mweusi na mlegevu, tuliutoa kwa majembe ya kawaida, na hapo jembe langu jipya lilifanya kazi yake, nami nikaringa. Kisha tukafika kwenye mwamba wa matumbawe, na hapo majembe yakawekwa kando. Fundi akashika mtaimbo. Hakupiga ovyo, alikuwa akitafuta mdomo wa jiwe, anatia ncha, anausukuma kwa uzito wa mwili, jiwe linapumua, linafunguka. Yale mawe makubwa yaliyokataa, shoka langu jekundu likapata cheo: tukalipindua, tukatumia kile kisogo chake kipana kugongea na kuyavunja. "Nilijua," shemeji akasema, "kwamba bibi harusi huyu ana kichwa kigumu." Tangu siku ile sikulidharau tena. Kila chombo kina upande wake, na mwenye kosa ni anayekishika upande usiokuwa wake.

Shimo lilipozidi kina tukahitaji ngazi. Dada akachagua boriti ya mkoko iliyonyooka, akaikalia kama mtu aliyepanda punda, akaanza kuikata vidato kwa shoka la baba. Pigo moja la mlalo, pigo moja la kuingia, kipande kinaruka, kidato kimepatikana. Kila kidato kimetosha unyayo, si kidogo si kikubwa, na hakupima kwa kitu. Fundi alikuwa amekaa anapumzika, akatazama, akasahau kutafuna. "Bi," akasema, "Siyu wako maseremala wasiojua hivi." Nami niliona vidato vya dada vilivyofuata vikawa vizuri zaidi.

Chini ya mwamba kulikuwa na mchanga ulioshikamana, mgumu kama mkate uliokaa. Fundi akachimba kidogo, akasimama, akaunusa. Kisha akapiga ukelele kutoka chini: "Chuma juu!"

Sikuelewa. Akanielekeza nivute mtaimbo kwa kamba, nivute sululu, nivute kila kitu cha chuma. Akabaki na muo mmoja na kifuu. Akanieleza desturi yao mafundi wa visima: chuma kikiona maji hakielekei chini tena. Muo wa mti hauwezi kwenda mbali na kifuu hakiwezi kwenda haraka. Ukiwa na vyombo vya namna hiyo, hata ukishikwa na furaha, furaha yako haitaleta hasara. Niliisikia sheria ile nikaona nzuri kuliko shairi. Watu wametafuta chombo dhaifu makusudi, kwa sababu wanaujua moyo wa binadamu akiona maji!

Akachokoa kwa muo, akachota kwa kifuu, taratibu, kama mama anayemwogesha mtoto macho. Na maji yakaja. Hayakububujika, yalitoka kama jasho la kipaji cha uso. Fundi akatia kidole, akalamba. Baada ya kungoja sana yalikuwa yamejaa nusu ya kifuu.

Shemeji akainama ukingoni. "Haya ndiyo maji? Hapa ataoga shomoro, na shomoro mwenyewe azunguke kwa zamu."

"Yatakuja," fundi akasema, akipanda ngazi.

"Yatakuja lini? Mke wangu ataimwagilia minazi kwa kijiko? Shuka chini kidogo, bwana. Kidogo tu, kwa mtaimbo, shibiri moja."

"Shibiri hiyo ndiyo waliyoiimba wale vijana."

"Na maji haya ni sawa na kutokuwa na maji!" Shemeji akaushika mtaimbo. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anampenda mkewe, na upendo wake ulikuwa na haraka. "Nitashuka mwenyewe. Yakiwa chumvi, chumvi. Tutajua, twende zetu Kiwayu, tupumzike na tamaa."

Dada akauchukua mtaimbo mkononi mwa mumewe. Hakumnyang'anya, aliuchukua tu, akauweka juu ya mkeka wa fundi, kisha akaukalia mkeka wenyewe, vyombo vyote chini yake. Nikaogopa kidogo, nikamtazama fundi, maana ikiwa kuruka ni kosa, kukalia je? Fundi akajifanya hajaona. Dada akasema, "Fundi. Hatwendi chini. Kuna ndia nyingine?"

"Iko. Ubavuni." Akaonyesha kwa mikono. Mwamba wa juu ungekuwa dari. Chini yake, katika ule mchanga uliogandamana, tungefungua chumba kwa pande zote, juu kidogo ya maji. Kisima kikiwa kipana hutokwa na jasho pande zote, na jasho la pande zote ni maji ya kutosha. "Chuma chaweza kwenda ubavuni, si chini. Lakini nataka jembe la mpini mfupi. Mle ndani mtu amechutama, mpini mrefu hauna nafasi. Na jembe fupi lina salama yake: halina nguvu ya kupiga chini, hata ukitaka. Langu lilizikwa Siyu, kisima kilianguka. Namshukuru Mungu sikuwa ndani yake."

Nikakimbia kuleta jembe langu linalong'aa. Hapo hapo dada akaukata mpini wake mfupi, fundi akashuka, tukamshushia. Tukasikia pigo moja, la pili, kisha tukasikia akicheka. Jembe likarudi juu kwa kamba, makali yamekunjika kama jani la mgomba lililokauka. Niliona uso wangu ndani yake umepinda, nikacheka nami, ingawa moyoni sikucheka sana.

"Hili la kulimia kunde tu," fundi akasema akipanda. "Nataka chuma cha mhunzi."

Sote tulijua chuma cha mhunzi kiko wapi. Nikasema, "Tulitoe jembe la baba katika mpini wake, tulitie katika mpini mwingine. Nitakata mkole sasa hivi."

Fundi akatikisa kichwa. "Mpini mbichi hunyauka, na chuma kikichomoka mle ndani kinaniingia usoni. Na lile nimeliona. Mkia wake uliingizwa ukiwa moto, umeshikana na mti miaka yote hiyo. Ukilitoa utaupasua. Ni kulikata mpini, au tungoje nende Siyu nikafulishe jingine; mhunzi ana kazi za watu, nirudi masika ikipita."

Masika ikipita! Shemeji akatazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu nifike hakuwa na mzaha.

Dada akaingia ndani. Alikaa kidogo, nami nilikuwa najua amekaa wapi na ameshika nini. Akatoka na jembe. Akaliweka juu ya gogo la kupasulia kuni, akamwambia fundi anyooshe mkono, akapima kutoka kiwiko chake hadi ncha za vidole. Kipimo kile kiliangukia katikati ya yale mabonde mawili. Bonde la chini lingebaki na jembe. Bonde la juu lingekatika.

Nikasema, "Dada, nikate mimi?"

"Kwa lile jekundu?" akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko na machozi ndani yake, sikujua kipi kilitangulia. "Simama mbali."

Akaliinua shoka la baba akaukata mpini wa baba. Pigo moja la mlalo, moja la kuingia, kama alivyokata vidato. Mti wa ndani ulikuwa mweupe, safi kama ulikatwa jana. Kile kipande akakiokota, akakiweka begani kwangu kama mtu anayempa mwenzake mtoto ashike, akampelekea fundi jembe.

Fundi alifanya kazi mle ndani amechutama, akizunguka, akichonga ubavu, nami navuta mapakacha ya mchanga mpaka viganja vikafunguka. Shemeji alivuta pamoja nami bila kuombwa. Chuma kile cha mhunzi hakikukunjika wala hakikulalamika. Tulisikia kikiingia mchangani kwa sauti ya mtu anayekula tikiti. Kidogo kidogo pande zote zikaanza kutoa jasho. Adhana ya alasiri iliposikika kwa mbali kutoka kijijini, chini ya kisima kulikuwa na maji yenye anga ndani yake.

Fundi akapeleka juu kata iliyojaa. Ni desturi mwenye shamba ndiye aonje kwanza. Dada akaishika, akaitazama, akampa mume wake. "Onja wewe. Wewe ndiwe uliyesema Kiwayu."

Shemeji akanywa funda moja. Akatazama juu. Akafikiri. "Sijajua bado," akasema, akanywa funda jingine. Akapanguza mdomo. "Kuna kitu. Ngoja." Akanywa tena. Dada alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. Shemeji akaimaliza kata yote, akaipindua kuonyesha haina tone, akasema: "Mama yangu Kiwayu ataninyima radhi. Kisima chake kimeshindwa."

Dada akampiga bega kwa kile kitambaa. Kisha akakaa chini ukingoni, akajifunika uso, akalia kwa furaha, na fundi kutoka chini akapiga kelele, "Nyie! Mimi nami nina kiu!"

Kile kipande cha mpini kilibaki kwangu mpaka siku fundi alipojenga mdomo wa kisima kwa mawe. Alihitaji mti mgumu wa kupitishia kamba ya ndoo, uwekwe juu ya mawe mawili, mti usiolika kwa kamba. Nikamwonyesha. Akaugonga kwa ukucha, akauweka sikioni, nikafurahi kuona kwamba si mimi peke yangu. Akauweka pale, na bonde la mkono wa kushoto wa baba likatazama juu.

Jina la shamba halikubadilika upesi, maana watu wa Chundwa hawaachi neno tamu. Bado waliliita Shamba la Chumvi, lakini sasa walikuwa wakilitaja huku wamebeba mitungi kuja kuomba maji, na dada akawa anawajazia na kuwauliza kama chumvi imekolea.

Nami nikienda huko, asubuhi humkuta shemeji kisimani, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umepumzika katika lile bonde bila yeye kujua. Siku moja nikamwambia ameshika wapi. Akautoa mkono haraka, akautazama, akaurudisha taratibu.

"Ndiyo maana," akasema. "Kila nikiteka maji naona haya kumwaga hata tone. Kumbe mkwe amenishika mkono."